Pacha wangu ameitwa mwanangu

Da Mkubwa, shikamoo.

Naandika nikiwa nimeketi uani, maana ndani kuna kioo. Naishi Tongoni, Tanga, umri wangu miaka 54, mume ninaye, watoto wanne, wajukuu watatu. Kazi yangu ni mwani, tangu nikiwa na miaka 28.

Nina pacha. Utotoni tulifanana hata marehemu mama akatufunga nyuzi mkononi, mimi nyekundu, mwenzangu nyeusi, asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Mwenzangu alisoma, akaenda Dar es Salaam, miaka yote amefanya kazi ya ofisi. Hutujia kwenye Idi na kwenye misiba.

Mwezi uliopita tulikuwa na arobaini ya mama. Mgeni mmoja wa Muheza, mama mtu mzima, alinishika mkono, akamtazama pacha wangu aliyekuwa akipanga sahani, akaniambia, "Mwanao huyu mmefanana kweli, mashaallah." Wanawake wa jikoni wakacheka, nami nikacheka. Usiku nikalia.

Toka siku hiyo najikagua kama mbuzi wa mnadani. Mashavu yamebonyea, la kushoto zaidi. Magego niliyong'oa ni matano, na matatu ni ya upande huo. Pembeni mwa macho kuna mikunjo kama ukili uliosukwa. Shingo imelegea. Mashavuni nimejaa vipele vidogo vyeusi, haviumi wala haviwashi, ila kila mwaka vinaongezeka. Jicho langu, ule weusi wa katikati umezungukwa na duara la kijivu. Ndewe za masikio zimening'inia. Gauni la Idi lililokuwa likinifika kwenye kifundo cha mguu sasa linafagia sakafu, na tumbo ambalo sikubaki nalo kwa uzazi wa mara nne, leo ninalo. Damu ilikatika nikiwa na miaka 48. Nilipomuuliza mume wangu ananionaje, akasema, "Siku hizi umekuwa bibi yako mtupu." Akaendelea kula.

Pacha wangu uso wake laini, mweupe kuliko tulivyozaliwa, unang'aa kama chemni ya taa. Meno anayo yote. Siku ya kuondoka alinipa kopo jeupe lisilo na maandishi. Nipake usiku, nisitoke juani wiki mbili, nisimwambie mtu. Nimepaka siku sita. Uso unawaka moto, lakini kweli umeanza kung'aa. Kitu kimoja tu kinanisumbua. Alipokuwa akikuna nazi niliona vifundo vya vidole vyake vyeusi tii, kama vidole vya mtu mwingine. Nilimuuliza, akasema ni masizi ya masufuria.

Da Mkubwa, tulilala tumbo moja. Mimi nimekuwaje mama yake? Niendelee na kopo? Na mvi nizipake piko? Bamvua, yale maji makavu tunayoyangoja kwa kazi ya mwani, linaingia wiki ijayo, na wiki mbili za kukaa ndani mimi sina.

Pacha Mkuukuu, Tongoni

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mama, Mungu amrehemu.

Kopo kwanza, mengine yatangoja. Acha kupaka leo hii. Kwa siku sita waweza kuacha mara moja bila tabu. Osha uso kwa maji matupu, upake mafuta ya nazi au ya mgando, basi. Kopo lenyewe usilitupe jalalani wanakochezea wajukuu, wala usilitupe baharini. Lifunge ndani ya mfuko, uende nalo kwa daktari, atataka kuliona.

Mimi sijaliona. Lakini kabla ya kustaafu nilifanya kazi wodini miaka 31, na kopo lisilo na jina, linalong'arisha uso kwa siku sita na kukuambia ujifiche na jua, nalijua hata likiwa mbali. Huo ni mkorogo. Ndani yake huwamo kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja: steroidi kali kama klobetasoli, ambayo mgonjwa wa ngozi hupewa kwa siku za kuhesabu, haidrokwinoni, au zebaki. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na wembamba huo ndio mnauita mng'aro. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huacha mabaka ya bluu iliyokoza, mashavuni palepale palipotakiwa pawe peupe. Zebaki haiishii usoni, huingia mwilini na kuharibu figo. Vipodozi vyenye vitu hivi vimepigwa marufuku nchini, ndiyo maana kopo halina jina wala anwani.

Sasa vile vidole. Masufuria hayana kosa. Ngozi ya vifundo vya vidole ni nene na ya kujikunja, haisikii mkorogo kama shavu linavyosikia, kwa hiyo mtu hung'aa kote halafu vidole vikatoa siri. Umeona kwa macho yako, ukauliza, ukajibiwa masizi, na bado umenihadithia mimi. Nadhani jibu ulikuwa nalo. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na uso wa pacha wako umeundwa, tena kwa gharama ambayo bado hajaimaliza kuilipa.

Ila yeye usimwambie aache ghafla kama nilivyokuambia wewe. Mtu aliyepaka steroidi miaka mingi akiacha kwa siku moja, uso huvimba, ukawaka, ukatoka chunusi, naye hukimbilia kopo tena. Amwone daktari wa ngozi, amwachishe kwa utaratibu. Akiwa huko apimwe mkojo na presha. Mwambie hayo mkiwa wawili, si mbele ya mawifi.

Haya, tuje kwenye swali lako la kweli. Mwaka 2012 jarida moja la madaktari la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori, mzee wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Uso wake ulikuwa nusu kwa nusu. Upande wa kulia, mzee wa kawaida. Upande wa kushoto, uliokuwa dirishani, ngozi ilikuwa nene, imejaa matuta na mikunjo mizito, ungesema ni wa baba yake. Mtu mmoja, siku moja ya kuzaliwa, mashavu mawili. Kioo cha dirisha huzuia sehemu ya mionzi inayounguza, lakini ile inayopenya chini ya ngozi hupita na kukatakata kolajeni, zile kamba zinazoishikilia ngozi isilegee. (Kwetu dereva hukaa kulia. Siku ukipanda basi la Dar, mtazame dereva mkongwe mkono wake wa kulia na wa kushoto.)

Wewe na mwenzako ni kama mashavu ya yule dereva. Yeye amekaa kivulini, wewe umekaa dirishani miaka 26, tena dirisha lisilo na kioo. Na kazi yako ina ubaya wake wa peke yake. Madaktari hutuambia tusitoke juani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ushauri mzuri kwa mtu wa ofisi. Lakini ufukwe wetu huu, siku za bamvua maji hutoka yakakauka kabisa kwenye saa nne, saa tano za asubuhi, na mwani haufungwi wala hauvunwi maji yakiwa yamejaa. Kwa hiyo bahari inakuita saa ileile daktari anayokukataza. Unainama juu ya kamba, jua mgongoni, jingine linakurudi usoni kutoka chini. Mchanga mkavu peke yake hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi, na povu la mawimbi kama asilimia 25. Ndiyo maana kanga ya kichwani haikukuokoa, ilikinga juu tu.

Ngozi yetu nyeusi ina kinga yake, na bila hiyo ungekuwa umechakaa miaka mingi kabla. Tazama ndugu zetu wenye ualbino jua linavyowatenda. Hospitali ya KCMC kule Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi ambako ilianza kutengenezwa losheni ya jua kwa ajili yao, inaitwa Kilisun, maana kwao si urembo, ni uhai. Wewe kinga unayo, lakini kinga si ukuta.

Lakini usilitwike jua mzigo wote. Nilipoisoma barua yako mara ya pili nilisimama kwenye magego. Umeyataja kwa kupita, nami naona hapo ndipo lilipo jambo lako kubwa. Jino likitoka, mfupa wa taya uliokuwa ukilishika hauna kazi tena, nao huanza kuliwa. Mwaka wa kwanza hupungua sana, kisha polepole maisha yote. Shavu ni kama turubai, na meno ndiyo nguzo zake za ndani. Umeng'oa nguzo tatu upande mmoja, turubai litaacha kubonyea? Mwenzako hajang'oa hata moja. Ukitoa jua, ukatoa mkorogo, bado meno peke yake yangemfanya mgeni wa Muheza aseme aliyoyasema. Fedha uliyokuwa uitie kwenye piko na makopo, ipeleke kwa daktari wa meno, hospitali ya mkoa pale Bombo au popote palipo na huduma hiyo, uulizie meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Mfupa hautarudi, ila shavu litapata pa kuegemea, na muhogo utautafuna pande zote mbili. Na hayo yaliyobaki uyalinde kama mbegu.

Yanayosalia ni ya miaka yenyewe, hayo hata pacha wako anayo, ameyafunika tu. Uso una mito midogo ya mafuta, kama ile ya kulalia, chini ya ngozi. Miaka ikienda, mingine hunywea, mingine hushuka, ndiyo yale mashavu yanayohamia kidevuni. Hata fuvu halikai kama lilivyokuwa: matundu ya macho hupanuka, taya hupungua, ngozi ikabaki kubwa kuliko nyumba yake. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma mambo huenda mbio. Miaka mitano ya mwanzo ngozi hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na nyongani huhamia tumboni. Tumbo lako halikutokana na ulafi. Limekuja na ile miaka sita tangu damu ilipokata.

Masikio yananichekesha, maana mwaka 1995 daktari mmoja Uingereza alichapisha vipimo vya masikio ya wagonjwa 206, akakuta sikio huongezeka kama milimita 0.22 kila mwaka. Kwa miaka 30 hiyo ni milimita sita na kidogo. Ongeza vipuli vizito tunavyovaa Tanga tangu utotoni, ndewe itakosa kuning'inia?

Vile vipele vyeusi ni vya ukoo. Watu weusi wengi tunavyo, huanza ujanani na huongezeka na umri, havina madhara, haviambukizi. Mwigizaji Morgan Freeman mashavu yake yamejaa hivyo hivyo na dunia nzima inamtazama. Usivifunge uzi, usivichome kwa mafuta ya ganda la korosho, utabaki na kovu baya kuliko kipele. Na kwa kuwa ni vya ukoo, pacha wako naye angetakiwa awe navyo. Kama hana hata kimoja, muulize vimekwenda wapi. Doa la kuliogopa ni jingine: jeusi, kwenye unyayo au chini ya ukucha, linalokua au lenye kingo zisizo sawa. Bob Marley aliyekufa kwa saratani ya ngozi mwaka 1981, lake lilianzia kidoleni mwa mguu. Mnaotembea na miguu mitupu kwenye mwani, tazameni nyayo zenu.

Duara la kijivu machoni ni mafuta yaliyojikusanya pembeni mwa kioo cha jicho. Kwa umri wetu ni la kawaida na halizuii kuona. Ukienda kupima presha, waambie wapime na mafuta ya damu.

Gauni sasa. Hapa sitaki ucheke. Baada ya miaka 40 mtu hupungua kimo kama sentimita moja kila miaka kumi, kwa sababu ile mito laini ya kati ya pingili za mgongo hunywea. Sentimita moja haitoshi kulitoa gauni kifundoni likafagia sakafu. Na tumbo hulinyanyua gauni kwa mbele, halilishushi. Labda nyonga zimenywea na gauni linashuka, labda huo ni ushonaji wa fundi wako. Lakini labda ni mfupa wa mgongo unaobonyea, na wewe unabeba magunia ya mwani mbichi. Tafuta kadi yako ya kliniki ya mtoto wa mwisho, kimo chako kimeandikwa mle. Nenda zahanati wakupime tena. Ukikuta umepungua sentimita tatu, nne, au mgongo umekuuma ghafla baada ya kubeba, mwone daktari, mtwike kijana mizigo. Na ukiona mashavu yanabonyea kwa haraka, unakonda, una kiu isiyokatika, hapo usitafute mafuta ya kupaka, kapime sukari.

Mvi: ile shina ya unywele imeishiwa rangi, haina dawa ya kuirudisha. Piko siipendi. Ile nyeusi ya unga mara nyingi ina kemikali ya PPD, na nimewapokea wodini wanawake waliovimba nyuso hata macho hayafunguki. Ukitaka rangi, hina ya majani yenyewe. Mimi za kwangu nimeziacha.

Losheni ya jua yenye kinga ya 30 au zaidi ni nzuri ukiimudu, lakini jasho na maji ya chumvi huiondoa na inataka kupakwa tena. Kwa kazi yako ningeanza na kofia pana ya ukili, pembe zake zishuke hata mabegani, na kanga iliyofungwa chini yake ikafunika shingo na mashavu mpaka chini ya macho, kwa ajili ya lile jua la kurudi. Mikono mirefu. Liwa ni ya harufu na ubaridi, usiihesabu kuwa kinga. Ipo dawa ya kupaka inayopunguza mikunjo kweli, tretinoini, lakini huiacha ngozi ikilichukia jua, na mtu anayengoja bamvua simpi.

Mumeo nimemwacha wa mwisho makusudi. Aliulizwa akiwa na tonge mkononi, akajibu la kwanza lililomjia. Nami ningependa kujua huyo bibi yako alikuwaje, maana hujasema kama alikuwa mbaya. Usiku mmoja mvue kofia mzee huyo, umhesabie nywele za kichwani na za masikioni, kisha mwendelee kula.

Idi mwenzako akija, kabla hujazungumza naye habari ya kopo, mwite chumbani mfunge mlango. Kaeni mkekani, kila mmoja akunje mkono wa gauni mpaka kwapani. Ule upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa, jua halijauona kwako wala kwake. Ulinganisheni wake na wako, mfinyefinye taratibu, mtazame na rangi. Hapo ndipo mtakuta umri wenu wa kweli, na nakuambia mapema kwamba ni mmoja, isipokuwa kama amejipaka mwili mzima, na hilo nalo utaliona.